Jimmie Rodgers: Mwana wa reli aliyegeuka Chemirocha katika Bonde la Ufa

KATIKA vilima vya Kapkatet, kusini mwa mji wa Kericho na magharibi mwa Nakuru, palikuwa na wimbo ambao wasichana wa Kipsigis waliuimba kumwita kiumbe wa ajabu aje wacheze naye ngoma. Kiumbe huyo alikuwa nusu mtu, nusu paa. Jina lake lilikuwa Chemirocha.

Wimbo huo ulinaswa mwaka 1950, na tangu hapo umesikika mbali sana na vilima hivyo. Asiyejua asili yake angeweza kudhani kwamba Chemirocha ni zimwi la kale la jamii hiyo, aliyerithishwa vizazi kwa vizazi katika ngano za usiku. Kumbe lilikuwa jina la binadamu wa nyama na damu, aliyezaliwa kusini mwa Marekani, akafanya kazi katika reli, akaugua kifua kikuu na kufariki jijini New York mwaka 1933. Aliitwa Jimmie Rodgers, na wakati wasichana hao wakimwimba, alikuwa kaburini miaka 17. Maishani mwake hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika.

Safari ya jina hilo kutoka Mississippi hadi Bonde la Ufa ni kisa cha mtu aliyejua kwamba siku zake zilikuwa zikihesabika, akaamua kuiacha sauti yake duniani kabla pumzi haijamwishia. Aidha, ni kisa cha jinsi muziki unavyopokewa na watu wasiojuana, kila mmoja akiuongezea lake, na jinsi majina ya baadhi yao yanavyopotea njiani.

Shule ya kando ya reli

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, na tangu zamani amehesabiwa kuwa mwana wa mji wa Meridian, katika jimbo la Mississippi. Meridian ulikuwa mji wa makutano ya reli, uliolala na kuamka kwa milio ya gari-moshi. Mkazi wa Nakuru wa miaka ya mwanzo ya karne ya 20 asingeuona kuwa mgeni, kwani Nakuru pia ulianza kukua baada ya reli kuwasili hapo mwaka 1900 ikielekea Ziwa Victoria.

Babake Jimmie, Aaron Rodgers, alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli. Mamake, Eliza, alifariki mtoto huyo akiwa angali mdogo, naye akakua akihamahama, mara kwa jamaa, mara kwa babake. Masomo hayakumkalia. Alipokuwa na umri wa takriban miaka 13 alishinda shindano la waimbaji chipukizi, kisha akatoroka na kundi la wachuuzi wa dawa waliozunguka vijijini wakivuta wateja kwa nyimbo na vichekesho.

Hatimaye babake alimrejesha na kumpa kazi. Kijana alitakiwa kuchota maji na kuwapelekea vibarua waliokuwa wakitandika mataruma na kunyoosha vyuma juani.

Kazi hiyo ya kitoto ndiyo iliyokuwa shule yake. Wengi wa vibarua hao walikuwa Wamarekani weusi, na kazi yao ilikwenda kwa nyimbo. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, na kwa mdundo huo wote wakasukuma chuma kwa pamoja. Ni kutoka kwao ambapo Jimmie alisikia bluzi, muziki wa huzuni na kejeli uliozaliwa na kizazi cha waliokuwa watumwa. Alishika namna yao ya kuimba, vituo vyao na hata mizaha yao.

Hizo zilikuwa enzi ambazo sheria za kusini mwa Marekani ziliwatenga weusi na weupe katika shule, hoteli na mabehewa. Hata santuri ziliuzwa kwa orodha mbili, moja ya muziki wa weusi na nyingine ya muziki wa wazungu wa mashambani. Lakini kando ya reli, mtoto mweupe aliyebeba ndoo ya maji aliyasikia yote bila ya orodha.

Kifua kikuu

Alipopevuka, Rodgers aliajiriwa kama mfanyakazi wa breki katika magari-moshi. Kazi hiyo ilihitaji mtu mwepesi wa miguu na mwenye kifua cha kustahimili moshi, baridi na mvua. Aliifanya kwa vipindi, akiachishwa na kurejeshwa kadiri mizigo ilivyopungua na kuongezeka, huku gita likiwa daima karibu naye.

Ndoa yake ya kwanza, ya mwaka 1917, haikudumu. Aprili 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri wa Meridian. Mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Anita. Binti wa pili, June, alizaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miezi michache tu.

Msiba huo ulikuwa haujapoa mwaka 1924 madaktari walipomfahamisha Rodgers kuwa anaugua kifua kikuu. Wakati huo alikuwa na miaka 27.

Yafaa ieleweke uzito wa habari hizo. Leo kifua kikuu ni maradhi yanayotibika mgonjwa akimaliza dawa zake. Mwaka 1924 haikuwepo dawa hata moja ya kuua vijidudu vya maradhi hayo. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofua dafu, iligunduliwa mwaka 1943, muongo mzima baada ya Rodgers kufariki. Madaktari wa wakati wake waliweza tu kuagiza mapumziko marefu, hewa kavu na chakula bora. Maskini mwenye mke na mtoto hakuwa na uwezo wa kupata hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kazi ya reli ikamtupa mkono. Rodgers, ambaye hadi hapo alikuwa akiimba kwa kujifurahisha na kuchuma senti za ziada, sasa hakuwa na njia nyingine ya kuilisha familia yake. Maradhi yaliyokuwa yakimla mapafu ndiyo yaliyomsukuma kuishi kwa mapafu hayohayo.

Siku moja ya Agosti

Mapema mwaka 1927 alihamia Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina, kwa matumaini kuwa hewa ya huko ingemfaa. Alipata nafasi ya kuimba redioni, akajiunga na vijana waliokuwa na kikundi chao cha muziki. Kipindi cha redio hakikudumu.

Wakati huo kampuni ya santuri ya Victor ilikuwa imemtuma wakala wake, Ralph Peer, kutafuta waimbaji wa mashambani. Peer aliweka mitambo yake Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia. Rodgers na wenzake walikwenda huko, lakini kabla ya kuimba wakazozana kuhusu jina la kuandikwa kwenye santuri. Wenzake wakajitenga. Agosti 4, 1927, Rodgers akasimama mbele ya kipaza sauti peke yake na gita lake, akarekodi nyimbo mbili.

Katika siku hizohizo na mahali hapohapo, Peer aliirekodi pia familia ya Carter kutoka Virginia. Kwa sababu hiyo, wanahistoria wengi wa muziki huitaja Bristol ya Agosti 1927 kama kitovu cha muziki wa kantri.

Nyimbo hizo mbili hazikuleta utajiri. Lakini Rodgers hakuwa na muda wa kungoja kuitwa. Novemba mwaka huohuo alijipeleka mwenyewe kaskazini, akamtafuta Peer, na Novemba 30 akarekodi tena katika mji wa Camden, New Jersey. Miongoni mwa nyimbo za siku hiyo ulikuwemo ule uliopewa jina la Blue Yodel. Santuri hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, na mfanyakazi wa breki aliyekuwa hana kazi akawa mmoja wa waimbaji mashuhuri zaidi nchini mwake.

Kilichowanasa wasikilizaji kilikuwa mchanganyiko wake. Msingi ulikuwa bluzi ya vibarua weusi. Juu yake Rodgers alipachika yodeli, uimbaji unaohusishwa na wachungaji wa milima ya Alps barani Ulaya, ambapo sauti huruka ghafla kutoka kifuani hadi kichwani, kama mtu aitaye ng'ambo ya bonde. Wengine walikuwa wamewahi kuimba yodeli kabla yake katika majukwaa ya Marekani. Yeye aliitumia mwishoni mwa beti za bluzi kama kilio na kicheko kwa wakati mmoja, na mtindo huo ukawa chapa yake.

Mikono iliyomsaidia

Rodgers hakuwa msomi wa muziki. Hakuweza kusoma wala kuandika nota. Nyingi ya nyimbo zake zilipata umbo kwa msaada wa shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa Carrie, aliyekuwa na elimu ya muziki. Elsie alitunga na kunyoosha nyimbo nyingi zilizomletea Rodgers sifa, na katika baadhi yake hakudai hata jina lake liandikwe.

Kadhalika kuna kisa cha Hollywood. Julai 16, 1930, Rodgers aliingia studio jijini humo kurekodi wimbo wa tisa katika mfululizo wa Blue Yodel. Aliyepiga tarumbeta siku hiyo alikuwa Louis Armstrong, gwiji wa jazi, na aliyeketi kwenye piano alikuwa mkewe, Lil Hardin Armstrong.

Lil, mzaliwa wa Memphis mwaka 1898, alikuwa mpiga piano na mtunzi aliyekwisha kujijengea jina huko Chicago kabla ya Armstrong kuvuma. Alipiga piano katika bendi ya King Oliver, ambamo alikutana na Armstrong, na wakaoana mwaka 1924. Ni yeye aliyemshawishi mumewe aache kujificha nyuma ya Oliver na kusimama kama kiongozi. Kuanzia mwaka 1925 piano yake ilikuwa mhimili wa rekodi za kundi la Hot Five, ambazo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa nguzo za jazi. Baadhi ya nyimbo za kundi hilo zilikuwa tungo zake.

Kurekodi kwa mwimbaji mzungu wa kusini pamoja na wanamuziki weusi wa jazi lilikuwa jambo adimu wakati huo. Sikio makini linaweza kusikia jinsi kazi ilivyokuwa. Rodgers alizoea kuongeza au kupunguza mapigo alivyojisikia, kwani kwa miaka mingi aliimba akijifuata mwenyewe. Mpiga piano ndiye aliyelazimika kumfuata, kumngoja na kumwekea sakafu ili asianguke, huku tarumbeta ikimjibu kila kituo. Lil aliitekeleza kazi hiyo kwa utulivu wa fundi.

Santuri ilipotoka, lebo yake ilibeba jina la Rodgers. Majina ya Louis na Lil hayakuwemo. Ilichukua miaka mingi kabla ya umma kufahamu waziwazi ni akina nani waliokuwa nyuma ya sauti ile. Lil alifariki Agosti 1971 jijini Chicago akiwa jukwaani kwenye piano, katika tamasha la kumkumbuka Louis, aliyekuwa ametangulia mwezi mmoja na siku kadhaa kabla yake. Walikuwa wameachana miaka mingi iliyopita.

Mbio za mwisho

Fedha zilikuja na zikaondoka. Mwaka 1929 Rodgers aliigiza katika filamu fupi akiwa mfanyakazi wa reli aimbaye. Mwaka huo pia alijenga nyumba ya kifahari Kerrville, Texas, mji uliopendwa na wagonjwa wa kifua kikuu kwa hewa yake kavu. Alinunua magari na magita ya thamani, akawasaidia jamaa na marafiki, na gharama za madaktari zikazidi kupanda.

Kisha uchumi wa Marekani ukaporomoka mwishoni mwa 1929. Wakulima na wafanyakazi, ambao ndio waliokuwa wanunuzi wake, hawakubaki na senti ya santuri. Mauzo yakashuka. Mwaka 1931, licha ya udhaifu wake, Rodgers alizunguka na mchekeshaji maarufu Will Rogers kuchangisha fedha za Shirika la Msalaba Mwekundu kwa ajili ya waathiriwa wa ukame. Mwaka huohuo alirekodi wimbo kuhusu kifua kikuu chenyewe, akiyataja maradhi yake kwa jina katika wakati ambapo wagonjwa wengi waliyaficha kwa hofu ya kutengwa.

Nyumba ya Kerrville haikukalika tena. Familia ikahamia makazi ya kawaida San Antonio. Matamasha aliyoahidi kufanya yalizidi kuahirishwa kwa sababu ya kutema damu.

Mnamo Mei 1933 alisafiri kwa meli hadi New York akiandamana na muuguzi. Lengo lilikuwa moja, kurekodi nyimbo nyingi kadiri iwezekanavyo ili mke na binti wasibaki mikono mitupu. Kati ya Mei 17 na Mei 24 alirekodi nyimbo 12. Aliwekewa kitanda karibu na studio. Aliimba wimbo, akalala, akainuka kuimba mwingine. Siku zingine hakuweza kabisa na kazi ikasimamishwa hadi apate nguvu.

Siku mbili baada ya kumaliza wimbo wa mwisho, alfajiri ya Mei 26, 1933, Jimmie Rodgers alifariki katika hoteli ya Taft akiwa na umri wa miaka 35. Alikuwa ameacha rekodi zipatazo 110, zote zilizofanywa katika muda usiotimia miaka sita. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa gari-moshi, akazikwa kwao.

Sauti yavuka bahari

Santuri haina habari kwamba mwenyewe amekufa. Baada ya 1933 nakala za nyimbo za Rodgers ziliendelea kuchapishwa na kusambazwa, zikiwemo zile zilizotolewa Uingereza na kupelekwa katika makoloni yake.

Katika Bonde la Ufa mazingira yalikuwa tayari. Reli iliyopita Nakuru na kupanda hadi Mau kabla ya kuteremkia Kisumu ilikuwa imefungua njia kwa walowezi waliogawiwa ardhi katika nyanda za juu, ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameondolewa. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yalianza kupanda majani chai Kericho. Pamoja na majembe, mashine na vitabu vya dini, wageni hao walileta gramafoni. Gramafoni za wakati huo zilizungushwa kwa mkono na hazikuhitaji umeme, hivyo ziliweza kulia katika nyumba ya mlowezi, katika misheni, au chini ya mti.

Wakipsigis walioisikia sauti ya Rodgers walikutana na jambo la kustaajabisha. Hapa palikuwa na mtu asiyeonekana, aliyeimba kutoka ndani ya kisanduku, ambaye sauti yake iliruka ghafla ikawa kama ya mnyama wa porini. Gita lake nalo lilikuwa na mlio ambao sikio lililozoea kinubi halikushindwa kuuelewa.

Jina lake likaingia vinywani mwa watu kwa matamshi yao. Katika Kikalenjin sauti za ch na j hazibadilishi maana ya neno, na majina mengi huanza kwa sauti hiyo, kama vile Chebet, Cherono na Chepkemoi. Jimmie Rodgers, likitamkwa harakaharaka na ulimi wa Kericho, likawa Chemirocha. Jina la mgeni likapata makao kana kwamba lilizaliwa hapo.

Na jina likiwa limeshapata makao, mwenye jina naye akapewa umbo. Mtu aimbaye hivyo, tena haonekani, asingeweza kuwa mtu wa kawaida.

Wasichana wa Kapkatet

Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa Devon mwaka 1903 na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake kusini mwa Afrika, alizuru Afrika Mashariki na mitambo ya kunasa sauti. Tangu miaka ya 1920 alikuwa akihofia kwamba muziki wa Kiafrika ungemezwa na muziki wa kigeni kabla haujahifadhiwa. Huko Kapkatet aliwarekodi waimbaji kadhaa wa Kipsigis, na nyimbo tatu kati ya hizo zilihusu Chemirocha.

Wimbo wa tatu ndio uliovuma. Uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis, sauti zao zikipanda na kushuka juu ya mdundo mwepesi wa kinubi. Katika maelezo yake Tracey alieleza kwamba wasichana hao walimwona Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba wimbo ulimhimiza aruke kwa nguvu katika ngoma hadi nguo zimdondoke. Ulikuwa wimbo wa mzaha na kicheko.

Hapa pana jambo la kutafakari. Tracey alikuwa akitafuta muziki usioguswa na wageni. Aliopata Kapkatet ulikuwa umeguswa na mgeni, tena mgeni aliyechota muziki wake kwa wazao wa Waafrika waliopelekwa Marekani kama watumwa. Bluzi ilivuka bahari mara moja katika vifua vya mateka. Karne kadhaa baadaye ikarudi barani ikiwa ndani ya santuri, imevaa yodeli ya milima ya Ulaya, na wasichana wa Bonde la Ufa wakaivua mavazi hayo na kuivika ya kwao. Hakuna gita katika wimbo wao wala yodeli. Walichochukua ni jina na mshangao. Vingine vyote ni vyao.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini, na santuri zake zaidi ya 200 zikapelekwa katika vyuo vikuu na maktaba za nchi nyingi. Alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata hazina hiyo ikahamishiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, mji ambao sasa unaitwa Makhanda. Wasomi na wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wakaufahamu wimbo wa Chemirocha. Walioishi mahali ulikoimbwa hawakuwa na nakala yake.

Dosari hiyo ilianza kurekebishwa mwaka 2014, pale maktaba hiyo iliposhirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, likiongozwa na Tabu Osusa, kurejesha rekodi za Kenya kwa jamii zilikotoka, Kapkatet ikiwemo. Miaka 64 ilikuwa imepita. Wengi wa waliorekodiwa walikuwa wamekwisha kuaga dunia, na wazee wachache waliosalia walisikia upya sauti za rika lao.

Urithi

Nchini kwake Rodgers ametunukiwa heshima nyingi. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri mjini Nashville, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Mwaka 1986 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki kama mmoja wa watangulizi wa muziki huo. Huitwa baba wa muziki wa kantri.

Sifa hizo ni stahili yake, lakini zinamweleza nusu tu. Nyuma ya baba huyo walikuwepo vibarua weusi wa Mississippi ambao majina yao hayakuandikwa popote, shemeji aliyetunga na kunyamaza, na mpiga piano aliyeibeba sauti yake bila kutajwa kwenye lebo. Mbele yake walikuwepo wasichana waliochukua jina lake wakaliumba upya. Kati ya hao wote, ni jina la Chemutoi Ketienya lililoandikwa mara moja siku wimbo uliponaswa, na kwa sababu hiyo linatajika hadi sasa. Kuandika jina ni kazi ya dakika moja, na kutoandikwa kwake huweza kumfuta mtu kwa karne nzima.

Rodgers alipolala katika kitanda kile cha New York mnamo Mei 1933, alichotafuta kilikuwa riziki ya Carrie na Anita. Asingeweza kufikiri kwamba sauti aliyokuwa akiitoa kwa taabu, kati ya kikohozi na kikohozi, ingepanda nyanda za juu za Kenya na kupata huko miguu ya paa. Maradhi yalimnyima pumzi akiwa na miaka 35. Katika Bonde la Ufa, wasichana walimpa kiumbe mzima wa afya, mwenye kifua kisichochoka, anayeruka ngoma bila kukoma.